Mchagua Jembe ni Mkulima: Istilahi za Kompyuta na Mfuko wa Mnunuzi

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Walikuwa na haki ya kusema hivyo, kwani zama zao majembe yalikaribiana kwa umbo na kwa kazi, na aliyesimama sokoni akiyageuzageuza alishukiwa kuukimbia mpini. Hata hivyo, methali huishi katika muktadha, kama tunavyofundishwa katika kozi zetu za fasihi simulizi, na muktadha ukibadilika methali nayo hudaiwa kujitetea upya. Mtu anayetaka leo kuunda kompyuta yake nyumbani, badala ya kununua iliyofungwa kiwandani, hana kazi kubwa kuliko kuchagua. Kuunganisha vipande ni kazi ya saa chache na bisibisi moja. Kuchagua kichakataji, bodi kuu na kumbukumbu vitakavyokubaliana ni kazi ya majuma, na akikosea hapo hakuna bisibisi itakayomwokoa. Katika shamba hili mchagua jembe ndiye mkulima.

Makala haya hayakusudii kumgeuza msomaji kuwa fundi. Yanakusudia kutetea dai moja ambalo naamini linatuhusu sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuliko linavyowahusu wahandisi. Dai lenyewe ni kwamba istilahi za Kiswahili za sehemu za ndani za kompyuta zinapaswa kupimwa mbele ya mnunuzi, kwa swali hili: je, neno hili linamsaidia mtu kutenganisha vitu viwili ambavyo kazi na bei zake ni tofauti? Neno likishindwa mtihani huo, halijakamilika, hata likiwa limezingatia kanuni zote za mofolojia na kupitishwa na vikao vyote.

Mifano yangu naitoa Kamukuywa, kituo cha biashara kilicho katika Kaunti ya Bungoma, kwenye barabara itokayo Webuye kwenda Kitale. Hapo ndipo nyumbani. Wakazi wake wengi ni wakulima wa mahindi na miwa, walimu na wafanyabiashara wadogo. Anayetaka kipande cha kompyuta hapo huenda Bungoma au Kitale, ama humwagizia mtu Nairobi, katika maduka ya barabara ya Luthuli, kisha akangoja kifurushi kije na gari la abiria. Mtu wa namna hiyo hana nafasi ya kujaribu na kurudisha. Silaha yake ni maneno anayoyatumia kwenye simu.

Jina la nyumba na majina ya vyumba

Kwa miaka mingi wapenzi wa Kiswahili tumejadiliana juu ya jina la chombo hiki. Kenya imelipokea neno tarakilishi katika vitabu vya shule na katika mitihani. Tanzania imeshikilia kompyuta. Wapo waliopendekeza ngamizi. Mjadala huo una faida zake, lakini unawashughulisha ndugu katika kubishania jina la nyumba, ilhali vyumba vyake havina majina wanayokubaliana. Mkenya akisema kompyuta anaeleweka, na Mtanzania akisikia tarakilishi atauliza mara moja kisha aelewe. Hakuna atakayepoteza shilingi kwa sababu ya maneno hayo mawili. Hasara iko ndani ya kasha.

Ukifika kwa fundi wa kompyuta, awe Kamukuywa, Webuye au Kitale, utamsikia akitaja prosesa, mazabodi, ramu, hadi disiki, sloti na pini. Sarufi ya sentensi zake ni ya Kiswahili, na mara nyingine ya Lubukusu, lakini nomino zake ni za Kiingereza zilizotoholewa. Sina ugomvi na utohozi, kwani ni mojawapo ya njia halali za lugha yetu kujitajirisha tangu zama za wafanyabiashara wa Pwani. Shida ni kwamba fundi anajua kila nomino inaelekeza wapi, na mteja hajui. Mteja huitikia kwa kichwa. Penye mwitiko wa kichwa bila maarifa, bei hupangwa na upande mmoja.

Ghala na turubai

Tuanze na kumbukumbu, kwa kuwa ndilo neno lililowatia watu wengi hasarani. Jirani yangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, aliuza magunia kadhaa ya mahindi baada ya mavuno akaenda mjini kununua kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika. Aliambiwa kwamba mashine ile ina memori ya 500. Neno memori alilifasiri jinsi tunavyolifasiri sote, yaani kumbukumbu, na kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba kumbukumbu kubwa huifanya mashine iwe nyepesi, akalipa. Nyumbani alikuta kwamba kufungua waraka mmoja huku ukurasa wa intaneti ukiwa wazi kulitosha kuigandisha. Zile 500 zilikuwa gigabaiti za diski ya kuhifadhia. Kumbukumbu ya kufanyia kazi ilikuwa gigabaiti 2. Muuzaji, ambaye simtaji, hakusema uongo wa wazi. Alitumia neno moja kwa vitu viwili, na Kiswahili cha mnunuzi hakikuwa na neno la kumuuliza swali la pili.

Mkulima wa Kamukuywa hahitaji mhadhara mrefu kuielewa tofauti hiyo, kwani anaiishi kila msimu. Ana ghala, na ana turubai la kuanikia. Ghala laweza kubeba magunia 100, lakini siku ya kuanika atakausha kiasi kinachoenea kwenye turubai. Akiwa na turubai dogo, ukubwa wa ghala haumharakishi. Tena, mvua ikinyesha ghafla, mahindi yaliyo juani ndiyo yanayoharibika, na yaliyo ghalani husalimika. Diski ndiyo ghala: huhifadhi kazi hata stima ikipotea. Ramu ndiyo turubai: hushikilia kile kinachofanyiwa kazi wakati huo, na umeme ukikatika vyote vilivyokuwa juu yake hutoweka. Hii ndiyo sababu tasnifu ambayo haijahifadhiwa huondoka na stima.

Kwa hiyo napendekeza tugawane maneno mawili tuliyo nayo tayari na tusiyachanganye tena. Kumbukumbu iwe ya ramu peke yake. Diski, ya aina yoyote, iitwe hifadhi. Hapa lawama si ya wauzaji pekee. Ile kadi ndogo ya simu ambayo kazi yake ni kuhifadhi picha na nyimbo, sisi wenyewe tumezoea kuiita kadi ya kumbukumbu, kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno. Ni kadi ya hifadhi. Tulipotafsiri bila kuangalia kazi ya kitu, tulimkabidhi muuzaji utata uliokwisha kubarikiwa na kitabu.

Kichakataji na rika lake

Neno kichakataji ni miongoni mwa istilahi zilizofaulu. Kitenzi chakata kilikuwapo kabla ya kompyuta, katika viwanda vya mkonge na vya samaki, kikiwa na maana ya kukigeuza kitu kibichi kuwa bidhaa. Kiambishi ki- na tamati -ji vimekipa sura ya kifaa kinachotenda. Mtu anayelisikia kwa mara ya kwanza anaweza kulikisia.

Lakini jina jema la kitu halitoshi iwapo hatuna maneno ya kueleza sifa zake. Muuzaji husema, "Hii ni Core i5," na mteja huona kwamba ameambiwa yote. Hajaambiwa hata nusu. Intel imekuwa ikilitumia jina i5 kwa miaka mingi juu ya vichakataji vilivyotofautiana mno. Kile cha i5-2400, cha mwaka 2011, kina viini 4 na mikondo 4 ya kazi. Kile cha i5-12400, cha mwaka 2022, kina viini 6 na mikondo 12. Hata i3-12100, ambayo kwa jina ni ya daraja la chini, humshinda kwa mbali yule i5 mkongwe. Swali la kuuliza ni kizazi, na kizazi hukaa katika tarakimu zinazotangulia: 2 katika 2400, 12 katika 12400.

Katika Bukusu jambo hili si geni. Mwanamume hatambulishwi kwa jina la ukoo pekee, huulizwa pia rika lake la tohara: je, ni wa Maina, wa Nyange, wa Sawa au wa jingine kati ya yale marika manane yanayozunguka? Wawili wanaweza kushiriki jina na ukoo, na rika likawatenganisha kwa miongo. Anayenunua kichakataji bila kuuliza kizazi chake ni kama anayepanga mahari kabla ya kujua kama anazungumza na kijana au na babu yake.

Baada ya kizazi huja herufi, na hapa wanafunzi wa mofolojia watajikuta nyumbani. Chukua i5-12400 na i5-12400F. Tamati F inaeleza kwamba kichakataji hicho hakina sehemu ya kuzalisha picha. Ukikifunga bila kadi ya picha, mashine itawaka, feni itazunguka, na skrini itabaki nyeusi. Kwa Intel, basi, kutokuwapo kwa herufi hiyo ni dalili kwamba picha ipo. Sasa tazama upande wa AMD katika vichakataji vya soketi ya AM4. Ryzen 5 5600G ina sehemu ya picha, na hilo linaelezwa na G. Ryzen 5 5600, isiyo na herufi yoyote, haina. Mofimu kapa ambayo kwa kampuni moja huashiria kuwapo, kwa nyingine huashiria kukosekana. Sijui mfano mzuri zaidi wa kuwafundishia wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba mofimu hupata maana ndani ya mfumo wake. Aidha, sijui mfano ulio ghali zaidi, maana anayekosea herufi hiyo hulazimika kununua kadi ya picha ambayo hakuipangia bajeti.

Bodi kuu na homonimu zake

Bodi kuu ndipo vipande vyote hukutana. Wapo wanaoiita ubao mama, tafsiri ya moja kwa moja ya Kiingereza. Naipendelea bodi kuu kwa sababu mafundi husema bodi tayari, na kuongeza kuu kunaitenga na bodi ndogo zilizomo ndani ya kasha. Istilahi inayokutana na msemaji katikati ya njia hudumu kuliko inayomngoja kileleni.

Kazi ya mnunuzi kwenye bodi ni kuhakikisha ukubaliano wa namna mbili. Wa kwanza ni kati ya bodi na kichakataji, na hutawaliwa na soketi. Hapa kuna mtego ambao mwanaisimu angeutambua mara moja. Soketi ya Intel iitwayo LGA1151 ilitoka mwaka 2015 kwa vichakataji vya kizazi cha 6, na cha 7 kikafuata. Mwaka 2017 kampuni ilitoa kizazi cha 8, kisha cha 9, kwa soketi yenye jina lilelile na idadi ileile ya pini 1151. Kichakataji cha kizazi cha 8 hukaa vizuri kwenye bodi ya awali, lakini hakifanyi kazi, kwani mpangilio wa umeme ulibadilishwa. Umbo moja, jina moja, maana mbili: hiyo ndiyo homonimu. Jina la soketi likiwa na utata, dawa ni kuuliza muktadha, yaani chipu ya bodi na vizazi inavyovikubali. AMD nayo ilidumu na AM4 kwa miaka mingi kuanzia 2016, na hilo lilimfaa mwenye kipato kidogo, ila bodi za mwanzoni huhitaji programu yao ya kuanzishia isasishwe kabla ya kuvipokea vichakataji vya Ryzen 5000 vilivyotoka mwaka 2020. Anayenunua bodi iliyotumika aulize swali hilo kabla ya kutuma fedha.

Ukubaliano wa pili ni kati ya bodi na kumbukumbu. DDR3 ilianza mwaka 2007, DDR4 mwaka 2014, na DDR5 ikafika kwenye kompyuta za mezani mwaka 2021. Kila moja ina pengo lake kwenye ukingo, na mapengo hayo hayalingani, hivyo kijiti cha aina moja hakiingii katika nafasi ya nyingine. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, kwa hiyo anayehesabu pini bila kutazama pengo atadanganyika. Bodi za soketi ya LGA1700 hupatikana za aina mbili: zinazopokea DDR4 na zinazopokea DDR5. Bodi za AM5, zilizoanza mwaka 2022, hupokea DDR5 tu. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za kumbukumbu zilipanda sana duniani, viwanda vilipoelekeza chipu kwenye vituo vikubwa vya akili mnemba, au akili unde kwa wanaopendelea hivyo. Kutokana na hali hiyo, mtu wa bajeti ndogo afanye kinyume cha mazoea: aulize kwanza bei ya kumbukumbu, ndipo achague bodi inayoikubali, na mwisho kichakataji kinachoikalia bodi hiyo.

Mwanafasihi anahusikaje?

Baadhi ya wasomaji watauliza mwanafunzi wa fasihi ana nini na soketi. Nitajibu kwa kazi. Kila Agosti ya mwaka wa shufwa, Bukusu huingia katika msimu wa tohara, na kwa majuma kadhaa njia za Kamukuywa, Kimilili na Chwele hujaa nyimbo, majigambo na mawaidha. Mtafiti wa fasihi simulizi asiyerekodi wakati huo hungoja miaka miwili. Sauti isiyobanwa, ya ubora wa kawaida wa diski za muziki, hula takriban megabaiti 10 kwa dakika, yaani zaidi ya megabaiti 600 kwa saa, na video hula maradufu mara nyingi. Kuvihifadhi kunataka hifadhi kubwa. Kuvikata, kuvinukuu na kuvilinganisha kunataka kumbukumbu ya kutosha na kichakataji chenye viini kadhaa. Mtafiti anayechanganya mahitaji hayo mawili atanunua ghala na kukosa turubai.

Kwa mtafiti kama huyo, mwenye bajeti ya mwanafunzi, chaguo langu lingekuwa kichakataji chenye picha ndani yake, kwa mfano Ryzen 5 5600G juu ya bodi ya B450 au B550, ama i3-12100 au i5-12400 isiyo na F juu ya bodi ya LGA1700 inayopokea DDR4. Kumbukumbu iwe gigabaiti 16, tena katika vijiti viwili vya 8 badala ya kimoja cha 16, kwa kuwa vijiti viwili hufungua njia mbili za data, na kichakataji kinachochota picha kutoka kumbukumbu hiyohiyo hufaidika zaidi. Bodi iwe na nafasi nne za vijiti ikiwezekana, ili nyongeza isilazimishe kuondoa cha zamani. Kwa kuwa ukanda wetu una radi nyingi na stima hukatika bila hodi, fedha ya kifaa cha kulinda umeme itengwe kabla ya fedha ya mapambo yoyote.

Mashine za ofisi zilizotumika, zinazoletwa kutoka ng'ambo, ni njia mbadala ya bei nafuu, na siipuuzi. Lakini mnunuzi azingatie mambo mawili. Windows 10 iliacha kupokea masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa masharti ya mtengenezaji, huhitaji kwa upande wa Intel takriban kizazi cha 8 kwenda mbele. Mashine nyingi za bei ya chini ni za kabla ya hapo. Zinaweza kutumia Linux bila malipo, ila mnunuzi ajue hivyo kabla ya kulipa. Pili, baadhi ya mashine hizo zina bodi na vyanzo vya umeme vya maumbo ya kampuni zao pekee, na kipande kikifa huwezi kukibadilisha kwa cha kawaida. Kompyuta iliyoundwa kwa vipande vya vipimo vya kawaida hurekebishika kipande kwa kipande, na kwa aliye mbali na duka hiyo ni sifa kubwa kuliko kasi.

Yaliyofanywa na yaliyobaki

Lingekuwa kosa kudai kwamba hakuna lililofanyika. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 1964 katika Dar es Salaam, na Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, lililoundwa mwaka 1967, zimetupa maelfu ya istilahi. Mwaka 1992 Tumbo-Masabo na Mwansoko walitutolea kiongozi cha uundaji wa istilahi. Kiingi wa Uganda alitupa vigezo vya PEGITOSCA, ambavyo kila aliyesomea somo la istilahi amevikariri. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na katika miaka hiyo hiyo Microsoft ikaandaa kiolesura cha Kiswahili cha Windows. Kutokana na juhudi hizo na nyingine za aina yake, maneno kama faili, hariri na hifadhi yamezoeleka.

Ukiyatazama kwa makini, mengi ya maneno hayo ni ya kile kinachoonekana kwenye skrini. Yalimlenga mtu ambaye kompyuta imekwisha kununuliwa na kuwekwa mezani pake. Anayenunua, anayefungua kifuniko na anayeunganisha hakufikiriwa sana, pengine kwa dhana kwamba kazi hiyo hufanywa kwingine. Dhana hiyo imepitwa na wakati. Katika mpango wa vishikwambi vya shule za msingi wa mwaka 2016, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta vilishiriki kuunganisha vifaa hapa hapa Kenya. Watu wetu wanafungua vifuniko. Ni istilahi zetu ambazo bado ziko nje ya kasha.

Wapo watakaosema kwamba Kiingereza kinatosha, kwa kuwa vitabu vya mafundi na maandishi ya maboksi ni ya Kiingereza. Kwa fundi, huenda kinatosha. Lakini biashara hufanywa na watu wawili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi, na haki hiyo haina uzito ikiwa inaishia bungeni na mahakamani na haimfikii mama anayemnunulia mwanawe kompyuta ya chuo. Asiyejua maana haambiwi maana, walisema wahenga, nasi wenye dhamana ya maana tumemwacha anunue bila kuambiwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Inasemekana kwamba teknolojia hubadilika upesi, na neno likiwa tayari kitu chenyewe kimekufa. Ni kweli kwamba hakuna haja ya kuunda neno la LGA1151 au la DDR4. Hayo ni majina, na majina hubaki yalivyo. Ila dhana zinazoyabeba hazijabadilika kwa miongo: kizazi, soketi, kiini, kumbukumbu, hifadhi, ukubaliano wa vipande. Dhana hizo sita zikiwa na maneno thabiti, majina yatakuja na kupita bila kumdhuru mnunuzi.

Pendekezo

Natoa mapendekezo matatu kwa chama chetu na kwa idara zetu. La kwanza, tasnifu za istilahi zitoke maktabani ziende kwenye meza za mafundi. Mtafiti akae katika duka la Webuye au la Kitale kwa mwezi mmoja, anukuu mazungumzo kati ya fundi na mteja, aonyeshe ni wapi neno lilifeli na fedha zikapotea. Hiyo ni isimujamii halisi, na haihitaji ruzuku kubwa.

La pili, tuache kuhesabu idadi ya istilahi tulizounda na tuanze kuzipima. Katika vigezo tunavyovifundisha, uangavu na ukubalifu hupewa sauti kubwa. Tukipe kigezo cha usahihi uzito wake, kwa maana ya uwezo wa neno kuzuia mkanganyiko wenye gharama. Neno la kigeni lililotoholewa, kama soketi, lipite iwapo linatenganisha. Neno la asili, kama kumbukumbu, lizuiwe mpaka lirekebishwe iwapo linachanganya.

La tatu, kila toleo la jarida hili litenge ukurasa mmoja wa maelezo ya kazi, yaliyoandikwa kwa Kiswahili safi na kueleweka na asiye mtaalamu: namna ya kuchagua kichakataji, namna ya kusoma lebo ya bodi, namna ya kuongeza kumbukumbu. Istilahi haikomai katika orodha. Hukomaa ndani ya sentensi inayomwambia mtu afanye nini na fedha zake.

Nao wanafunzi wenzangu wanaojiandaa kununua kompyuta muhula ujao, waende dukani na maswali matano kwa Kiswahili: Ni kizazi cha ngapi? Ina picha ndani yake au haina? Soketi ni ipi, na bodi inakubali vizazi gani? Kumbukumbu ni gigabaiti ngapi, za aina gani, katika vijiti vingapi? Hifadhi ni kiasi gani? Muuzaji asipoyaelewa, mweleze maneno hayo taratibu. Akiyaelewa na kuyajibu kwa maneno yayo hayo, Kiswahili kitakuwa kimepata msemaji mpya wa istilahi zake, na mfuko wako utakuwa umelindwa.